Ubatizo wa maji mengi Kigoma: anzeni na mbalamwezi

Familia nyingi zikisikia mtoto wao anabatizwa, kikao cha kwanza huwa cha mchele na mahema. Kwa ubatizo wa kuzamishwa Ziwa Tanganyika, tangulizeni mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo asubuhi zake mwalo (ufukwe wa kupakulia samaki) kama Kibirizi hujaa mitumbwi, wachuuzi na dagaa walioanikwa. Kwaya itasimama wapi? Mbalamwezi ikikomaa wavuvi hupumzika siku kadhaa, ufukwe unapumua. Ila siku hizohizo dagaa wabichi huadimika, basi nunueni wakavu mapema.

Ibada ya majini ifanyike kati ya saa 1 na saa 3 asubuhi. Vimelea vya kichocho hutoka kwenye konokono kwa wingi jua linapokuwa kali, hasa karibu na mchana. Kwa sababu hiyohiyo epukeni matete na maji yaliyotuama, mchague pwani ya wazi yenye mchanga. Midomo ya mito kama Malagarasi msiifikirie kabisa. Kule kuna mamba na viboko. Na wapiga picha watashukuru: asubuhi jua linatoka nyuma yao, upande wa nchi kavu, linamulika nyuso. Jioni linazama upande wa Kongo na kila uso unatoka mweusi.

Ziwa hili lina kina cha ghafla. Siku moja kabla, watu wawili wanaojua kuogelea wapime kwa fimbo. Yanatakiwa maji ya kiunoni, yasizidi chini ya kifua. Chomekeni vijiti viwili vyenye vitambaa vyekundu kuonyesha mwisho, na mvuvi mmoja akae na mtumbwi nje ya vijiti hivyo. Waelezeni viongozi wa mwalo mapema.

Kanzu ndiyo huharibu mambo kuliko wengi wanavyodhani. Kitambaa chepesi cheupe kikilowa huonyesha mwili, na kabla ya kulowa huelea juu kama mwavuli. Shoneni kwa kitambaa kizito, pindo nene lenye kokoto ndogo ndani, na chini yake kaptula na fulana ya rangi iliyokolea. Mama au shangazi asubiri ukingoni na khanga mbili: moja ya kumfunika, nyingine ya kumfuta vizuri mara moja.

Majini, mchungaji asimame upande wa kina, mgongo wake ukivunja mawimbi, na anayebatizwa alale sambamba na ufukwe. Kichwa kikielekea ziwani, wimbi humwingia puani. Mkono mmoja wa mchungaji uwe nyuma ya mabega, mwingine ushike mikono ya mbatizwaji iliyokunjwa kifuani, naye akunje magoti. Asiyekunja magoti miguu huteleza mbele, mchungaji akabeba uzito wote. Mtu mzito awekewe shemasi upande wa pili. Mazoezi yafanyike nchi kavu, hata kwa wazee. Aibu ya mazoezi ni ndogo kuliko ya kupaliwa na maji mbele ya ukoo.

Chakula. Kwa watu 60: mchele kilo 10, mbuzi mmoja wa kutoa nyama kilo 12 hivi, maharage kilo 4 ya kuungwa kwa mawese, na madumu matatu ya lita 20 ya maji ya kunywa. Migebuka, samaki wa ziwa hili, ya kukaanga ihesabiwe kwa idadi ya watu, vinginevyo wa mwisho watapata mchuzi. Mafiga yatoke nchi kavu: jiwe lililokaa majini likipata moto linaweza kupasuka. Zungushieni bati upande wa upepo, la sivyo pilau itaungua upande mmoja na kubaki mbichi upande wa pili.

Kwa Wasabato mapishi yaishe Ijumaa kabla ya jua kuzama, na kambare asiletwe, hana magamba. Chakula hicho kipoe kabla ya kufunikwa, kwa joto la Kigoma pilau iliyofungwa ikiwa moto huchacha haraka.

Sahani ya mwenye mtumbwi itengwe kwanza. Yeye hutoka majini mwisho, na mara nyingi hukuta ukoko.