Mashine ya boti ilizima kila nikiongeza moto: hitilafu ilikuwa kwenye tangi

Ni mashine ya viharusi viwili, nguvu ya farasi 15. Fundi alibadilisha impela (feni ndogo inayosukuma maji ya kupozea) na kusafisha kabureta. Kwenye pipa la maji iliunguruma vizuri, maji ya kupozea yakiruka kwa nguvu. Baharini, nikiongeza moto tu, baada ya muda inazima. Plagi zilitoa cheche safi. Nikashika pampu ya mkono kwenye mpira wa mafuta: imenywea, bapa kabisa! Hapo nikajua tangi halipumui: hewa haiingii, basi mafuta hayatoki. Kitundu cha hewa kwenye kifuniko kilizibwa na chumvi. Nikakizibua kwa waya mwembamba, pampu ikajaa. Pipani tatizo hili halionekani, maana mashine isiyobeba mzigo hunywa mafuta kidogo. Nikarudi majini na nanga na makasia, nikaifungulia moto wote, haikuzima tena.