Spitfire bei ya viatu

Wadau, jana nimeingia duka la modeli hapa Uingereza nikatoka mikono mitupu. Spitfire ya 1/48 (ile ndege ya kivita ya Uingereza, imepunguzwa mara 48), vipande vya plastiki vya kuunga mwenyewe ndani ya boksi, inauzwa bei ya viatu vizuri vya ngozi! Na hapo hujagusa gundi wala rangi.

Kampuni ya modeli ya Airfix walipotoa Spitfire yao ya kwanza mwaka 1953, mtoto aliipata kwenye maduka ya Woolworths kwa shilingi mbili za Kiingereza. Haki isemwe, za leo ni kitu kingine kabisa. Kiti cha rubani kina mikanda, saa za dashibodi unazisoma kwa kioo cha kukuza, na viungo vya mabati vimechorwa vyembamba kama unywele. Kalibu ya chuma ya kuzitolea hizo huchongwa kwa pesa nyingi kabla hata boksi moja halijauzwa, halafu wanunuzi wenyewe siku hizi ni sisi wazee wa miwani. Watoto wako kwenye simu. Gharama ile ile, vichwa vichache vya kuigawana. Ongeza mafuta, umeme na nauli ya meli kutoka Asia.

Naelewa yote hayo, ila mshahara wangu hauelewi.

Kijana wangu anataka kuanza, nimemchukulia ya 1/72, ndogo zaidi, yenye rangi na brashi humo humo. Mimi je? Kama una Spitfire kabatini ambayo unajua fika hutaijenga (tunajuana!), njoo inbox. Nina Hurricane (ndege nyingine ya kivita ya Uingereza) ya kubadilishana, haijafunguliwa hata nailoni.