Waliniambia kompyuta imekufa

Nianze na hasira, nitulie baadaye. Eskaveta ya haibridi, yaani mashine ya kuchimba inayotumia dizeli na umeme pamoja, ilikuwa inagoma, na yule mtaalamu wa Mombasa hakuwahi kuiona. Alisomewa nambari ya kosa kwa simu, akasema, "Kompyuta ya haibridi imekufa, agizeni nyingine," kisha akataja bei ambayo huku Malindi unanunua kiwanja na bado unabaki na hela ya mbuzi. Tajiri, mwenye mashine, alikuwa karibu kukubali. Nikaomba siku mbili. Nilitumia nne, lakini kompyuta ni ile ile mpaka leo.

Mimi ni fundi wa umeme wa magari. Mwaka 2008, Komatsu walipoanza kuuza eskaveta ya haibridi kule Japani, mimi nilikuwa nafunga taa za rangi kwenye matatu. Kwa hiyo nilipoitwa Gongoni, kwenye mabwawa ya chumvi, kutazama eskaveta ya aina hiyo (ya kampuni nyingine, jina naliacha), nilijitia ujuzi huku tumbo likiniunguruma.

Kwa asiyeijua: injini ya dizeli ipo na pampu za haidroli zipo. Tofauti ni pale mwili wa juu unapozunguka. Hauzungushwi na mafuta ya haidroli, unazungushwa na mota ya umeme. Opareta akiusimamisha, mota inageuka jenereta, umeme unaingia kwenye kapasita kubwa (kifaa cha kuhifadhi umeme), halafu unatumika mzunguko unaofuata au unaisaidia injini.

Ugonjwa wake ulikuwa huu. Asubuhi mashine nzima, hodari. Ikifika saa nne na nusu taa ya onyo inawaka na kabini inagoma kuzunguka. Mkono unapanda na kushuka, minyororo inatembea, ila kuzunguka hapana. Ndoo inabaki na udongo wake juu ya bwawa, dereva wa lori anapiga honi. Jioni jua likipoa, inapona yenyewe. Ilikuwa Februari, kaskazi, na mwenye kuyajua mabwawa ya chumvi anajua kwamba pale jua linakupiga mara mbili, kutoka juu na kutoka chini.

Kila mtu alisema ni joto. Na mimi nikasema ni joto. Siku ya kwanza nikasafisha rejeta ya kupoza inveta (kifaa kinachoubadilisha umeme uendeshe mota), nikabadilisha maji yake. Saa nne na nusu, ikagoma.

Siku ya pili nilikuja na wazo ambalo usiku wake lilininyima usingizi kwa furaha. Nikanunua makuti, nikakata fito, nikaiezekea eskaveta nyuma, pale kapasita ilipo. Vibarua wakaacha majembe wakaja kutazama. Opareta akaniuliza, "Fundi, harusi ni lini?" Sikumjibu. Saa nne na nusu ikapita, mashine inazunguka. Nikamwangalia opareta kwa jicho la ushindi. Saa tano kamili, ikagoma. Nilikuwa nimenunua nusu saa kwa makuti ya elfu moja na kitu.

Lakini nusu saa ile ilinikaa kichwani. Kivuli kilisaidia kidogo, kwa hiyo joto lilihusika. Mbona basi kwenye skrini kipimo cha joto la kapasita hakikukaribia hata mstari mwekundu?

Siku ya tatu nikaisoma ile nambari ya kosa mwenyewe. Haikusema joto wala kompyuta mbovu. Ilisema mawasiliano baina ya kompyuta yamekatika. Kompyuta hizi huzungumza kwa nyaya mbili zilizosokotwa, na kila mwisho una rezista (kizuizi cha umeme) ya ohm 120. Zima umeme wote, pima kati ya hizo nyaya mbili, upate 60. Ukipata 120, upande mmoja umekatika. Nilipata 60.

Watu wakisikia haibridi wanakimbilia nyaya za rangi ya machungwa, zile za umeme mkubwa. Ndizo za kuua, na mara nyingi hazina kosa. Nilizipima kwa sababu sikuwa na la kufanya: glavu za volti 1000 kwanza (zikunje uzibane hewa ndani, ukisikia inavuja usizivae), plagi ya usalama inayokata umeme mkubwa nje, ngoja kapasita imwage umeme wake, thibitisha kwa mita kwamba umeme umeisha, ndipo upime kama kuna unaovujia bodi ya mashine. Zote safi. Siku nzima imekwenda.

Aliyeniokoa ni opareta yule yule wa harusi. Tunakula viazi vya karai jioni, akasema, "Fundi, kabla haijagoma huwa nasikia feni ya nyuma inaanza kuvuma." Nikaacha kula.

Sasa hapa ndipo nataka mnisikilize. Athi ya kompyuta, yaani njia ya kuurudisha umeme kwenye hasi ya betri, nilikuwa nimeshaipima kwa ohm, ikasoma 0.5. Nyaya za mita yangu peke yake husoma 0.2. Nani angejali tofauti hiyo? Siku ya nne nikachukua balbu ya lori ya volti 24, wati 70, nikaifunga kati ya waya wa moto (chanya) na athi pale pale kwenye plagi ya kompyuta. Balbu hii inavuta ampea kama 3, mita haivuti kitu. Ncha moja ya mita nikaiweka kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye athi ya kompyuta. Bila balbu, sifuri. Na balbu, volti 0.9. Nikairukia rilei (swichi ya umeme) ya feni kwa kipande cha waya ili feni na pampu ya maji vianze kwa nguvu. Balbu ikafifia machoni pangu, mita ikapanda mpaka volti 4 na ushei. Nilipiga kelele, mzee mlinzi akaja na rungu.

Nyaya zile za mawasiliano zinacheza kati ya volti 1.5 na 3.5. Athi ya kompyuta moja ikinyanyuka volti 4, nyingine haziisikii tena. Joto lilikuwa linawasha feni tu, basi. Feni, pampu na kompyuta zilikuwa zinashea bolti moja ya athi nyuma ya tangi, na kuna aliyeipaka rangi juu ikapendeza. Chini yake unga wa kijani na chumvi.

Feni nikaipa athi yake mpaka kwenye betri. Waya, vichwa vyake na nauli ya boda, haikufika elfu mbili. Saa tano, saa sita, saa saba, kabini inazunguka.

Tajiri alisema atalipa kwa mafungu mawili. La pili bado nalingoja. Makuti aliyaomba mzee mlinzi, na sasa kuku wake wanalala ndani ya utafiti wangu.