Ekari tatu za pamba Maswa: nilivyotoka kilo 480 mpaka 1,240

Mimi pamba nilikuwa naichukia wazi wazi. Nimekulia Maswa, mkoa wa Simiyu, likizo zote za shule ni kuchuma tu na yale maganda yakikauka yanachoma vidole balaa, halafu hela ikija inaishia kulipa madeni ya duka. Sasa 2021 kibarua changu Mwanza kikaota nyasi, nikarudi nyumbani, nakuta mzee kwenye ekari tatu kapata kilo 480 zote pamoja. Piga hesabu, 160 kwa ekari, hiyo si kilimo ni mazoezi ya mgongo.

Shida ilikuwa wapi? Mzee alikuwa anarusha mbegu nyuma ya plau, tena Januari akishamaliza mahindi. Afisa ugani akatuambia pamba huku inapandwa kati ya 15 Novemba na 15 Desemba, na nafasi ni sentimita 60 kwa 30, miche miwili kila shimo, inakuja miche kama 44,444 kwa ekari, wakati ile ya zamani ya 90 kwa 40 ilikuwa nusu ya hapo. Nikatafuta kamba nikaifunga mafundo kila sentimita 30, mayu, yaani mama, akacheka mpaka akakaa chini, eti mwanangu amerudi kutoka mjini kupima ardhi.

Kingine ni dawa. Ekapaki, ile chupa ya dawa ya wadudu, moja ni ya ekari moja, sisi tulikuwa tunaigawa kwenye ekari zote tatu tukidhani tunabana matumizi, kumbe funza wa vitumba tunawaogesha tu. Safari hii kila ekari na yake, na kila baada ya siku chache naingia shamba alfajiri kukagua kabla sijabeba bomba. Na kuchuma tulitumia viroba viwili, pamba safi huku, fifi, yaani ile chafu, kule, hakuna kuchanganya.

2022 mizani ya AMCOS, chama chetu cha ushirika, ikasoma kilo 1,240. Bei ilikuwa shilingi 1,560 kwa kilo, hiyo ni 1,934,400, mzee alihesabu mara tatu hakusema kitu. Tukalipa ada, tukaweka bati.

Ila msiniige kichwa kichwa. 2023 tukapata kilo 1,190, karibu ile ile, bei ikawa 1,060 tukaondoka na 1,261,400. Jasho lile lile jamani. Nyuzi zetu nyingi zinauzwa nje, kwa hiyo soko la dunia likipiga chafya homa inatushika sisi Simiyu, na wewe huna la kufanya, huwezi kuifungia pamba stoo ukaila kama mahindi.

Halafu kuna hili linaloniuma zaidi. Kilo 100 za pamba zikichambuliwa jineri, kile kiwanda cha kutenga nyuzi na mbegu, nyuzi ni kama 35 tu, nyingi zinazobaki ni mbegu, zinakamuliwa mafuta ya kula na mashudu. Ng'ombe wangu waliolima hilo shamba nawanunulia mashudu hayo hayo kwa hela taslimu, yaani nauza mbegu kisha nanunua makapi yake!

Sasa ekari moja nimeihamishia choroko, mbili zimebaki pamba. Ile kamba ya mafundo jirani kaiazima toka Novemba, mpaka leo hajairudisha.