Ufunguo wa baiti 1184 kutoka Kamalondo hadi Ruashi

Novemba

Redio mbili sasa zinasikilizana. Moja iko juu ya bati la nyumbani, Kamalondo, nyingine iko kwa yaya wangu, yaani kaka yangu mkubwa, Ruashi, zote mitaa ya Lubumbashi. Kila upande una ubao wa ESP32 (kompyuta ndogo ya bei nafuu), chipu ya LoRa (redio inayofika mbali lakini hubeba data kidogo) na betri ya kushikilia umeme ukikatika. Ujumbe wetu ni wa kawaida: mifuko ya unga iliyobaki, nani anakuja Jumapili. Hakuna atakayejenga kompyuta ya kwanta, mashine inayokokotoa kwa kanuni za fizikia ya chembe ndogo, ili ajue bei ya unga kwa yaya. Mimi nilitaka tu kuona kama ML-KEM, njia mpya ya kubadilishana funguo za siri iliyoundwa kuhimili kompyuta hiyo na kutangazwa rasmi na NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, Agosti 2024, inaweza kupita kwenye njia nyembamba namna hii.

Chanzo cha yote ni mwanahisabati Peter Shor, ambaye mwaka 1994 alionyesha kwamba kompyuta ya kwanta yenye nguvu ya kutosha ingevunja RSA, usimbaji unaotumika sana, pamoja na X25519, njia ya kubadilishana funguo niliyokuwa nikiitumia. Mashine hiyo bado haipo. Lakini mwenye subira anaweza kurekodi mawasiliano leo, ayaweke, ayafungue siku itakapopatikana. Kwa faili za wagonjwa au karatasi za viwanja hilo si mchezo.

Nilidhani hesabu ndizo zitakazoishinda ESP32. Wapi! Ubao unazimaliza kabla hujakohoa. Uzito uko kwenye ukubwa. Ufunguo wa wazi wa X25519 ni baiti 32. Wa ML-KEM-768, kiwango cha ML-KEM ninachotumia, ni 1184. Nilikaa na daftari jioni moja hadi nikaona namba hiyo inatoka wapi: polinomia 3, kila moja ina namba 256, kila namba iko chini ya 3329 kwa hiyo inahitaji biti 12. Biti 8 ni baiti moja, kwa hiyo hapo ni baiti 1152. Zilizobaki 32 ni mbegu ambayo mpokeaji anaitumia kuzalisha tena matriki nzima, ili matriki yenyewe isisafirishwe. Usalama unatokana na kuzichafua hesabu hizo kwa makosa madogo ya makusudi, wazo alilolijenga Oded Regev mwaka 2005. Bila hayo makosa, mwanafunzi wa sekondari angeyatatua.

Desemba

LoRa yangu haibebi zaidi ya baiti 255 kwa pakiti. Kwa SF12, mpangilio wa polepole unaofika mbali, pakiti iliyojaa inakaa hewani kama sekunde 9. Piga hesabu: kubadilishana funguo kwa X25519 kulichukua kama sekunde 5, kwa ML-KEM ni karibu dakika moja na nusu.

Kulikuwa na mshindani wa ML-KEM ambaye angenifaa sana. SIKE, katika toleo lake dogo, ilikuwa na ufunguo wa baiti 330, yaani pakiti mbili tu. Mwaka 2022 Wouter Castryck na Thomas Decru wa chuo kikuu cha KU Leuven, Ubelgiji, waliivunja kwa takriban saa moja, kwenye kiini kimoja cha kompyuta, wakitumia nadharia ya Ernst Kani iliyokuwa imechapishwa tangu 1997. SIKE ilikuwa imepita miaka ya uchunguzi mbele ya macho ya wataalamu. Ndiyo maana siiamini ML-KEM peke yake pia: natuma zote mbili, ML-KEM na X25519, kisha siri ya mwisho inachanganywa kutoka kwenye zote. Vivinjari vikubwa navyo vinafanya hivyo.

Sasa 1184 na 32 ni 1216. Kichwa cha pakiti zangu, yaani maelezo yanayotangulia data, kilikuwa baiti 15, kwa hiyo nafasi ilikuwa 240, na pakiti tano zinabeba 1200. Baiti 16 zikabaki mlangoni! Kutuma pakiti ya sita kwa ajili yao ni kukaribisha kitu kingine cha kupotea njiani mvua ikinyesha. Nilipunguza kichwa hadi baiti 11, nikapata 244 mara tano: 1220. Zimeingia, na nne zimebaki. Mpokeaji anajibu kwa baiti moja tu, kila biti ikisema ni pakiti gani haijafika.

Jambo jingine linahitaji macho. Jenereta ya namba nasibu ya ESP32 haihesabiwi kuwa nasibu ya kweli kama WiFi na Bluetooth zote zimezimwa, nami huzizima kulinda betri. Kwa hiyo WiFi inawashwa kabla ya kutengeneza ufunguo, kisha inalala tena.

Januari

Saini za kuthibitisha kwamba ufunguo ni wa yaya kweli nimeziacha. ML-DSA-65, mfumo wa saini unaohimili kompyuta ya kwanta, ina saini ya baiti 3309, pakiti 14, dakika mbili hewani. Mimi na yaya tunaonana kila wiki. Tunasomeana alama za ufunguo mezani, bukari (ugali) ikipoa, mke wake akilalamika.

Kinachobaki ni antena. Ikipanda juu ya miembe ya jirani, SF9, mpangilio wa haraka zaidi, inaweza kutosha, na pakiti iliyojaa itashuka hadi sekunde moja na robo. Fundi wa kuchomelea ameshapima bomba. Bei aliyotaja bado tunaijadili.