Mvumo wa chumba unaoruka kila mkato: tulivyoutatua

Tatizo: tukio la filamu, mazungumzo ya watu wawili sebuleni, kamera moja. Huyu akiongea friji inanguruma nyuma yake. Picha ikikatwa kwenda kwa mwenzake anayejibu, kimya. Mtazamaji husamehe picha yenye chengachenga, lakini mruko huo humtoa kwenye hadithi papo hapo. Friji hujiwasha na kujizima, na maikrofoni ilihamishwa kila kamera ilipogeuzwa.

Kukimbilia programu ya kuondoa kelele hakukusaidia. Ikikazwa, waigizaji wanasikika kama wako ndani ya maji. Dawa ilikuwa kinyume: kuongeza kelele.

Kila mhusika aliwekwa kwenye mstari wake wa sauti. Sauti nzito za chini ya 80 Hz (mitetemo 80 kwa sekunde) tulikata, kisha tukapunguza ukanda mwembamba tu wa sauti kwenye 100 na 150 Hz, maana mvumo wa umeme wa 50 Hz hujirudia hapo. Baadaye tukakusanya vipande vya ukimya, hasa kati ya amri ya mwongozaji na neno la kwanza, hadi sekunde 20, vyote vyenye friji. Tukavitandaza chini ya tukio zima. (Kipande cha sekunde 2 kikirudiwarudiwa, sikio hukidaka.) Kwenye kila mkato, sauti zikapishana (moja ikififia, nyingine ikipanda) kwa fremu 3 au 4, yaani picha moja moja za video; kwa fremu 25 kwa sekunde, kila moja ni milisekunde 40.

Siku ya kurekodi, zima friji na uweke funguo za gari ndani yake, ili usiondoke bila kuiwasha tena. Kabla taa hazijaondolewa, rekodi chumba kitupu sekunde 60, maikrofoni ikiwa palepale.