Nilivyochapisha kitabu changu cha vinyungu bila kuuza haki zangu

Nilipomaliza muswada wangu kuhusu vinyungu, vile vibustani vya mabondeni tunavyolima kiangazi huku Iringa na Njombe, kampuni moja ilinijibu upesi mno. Barua ilijaa sifa, na nyuma yake mkataba: nitangulize shilingi milioni nne, kazi ianze.

Niliupeleka kwa mpwa wangu mwenye stationari Miyomboni, tukausoma kipengele kwa kipengele. Gharama zote juu yangu. Haki ya kuchapisha inabaki kwao miaka kumi. Nakala zikitoka ni mali yao, nami nikizitaka ninunue kwa punguzo. Kuhusu mauzo palikuwa na mstari mmoja tu, kwamba kitabu "kitaingizwa sokoni".

"Mjomba," akasema, "hawa ukishawalipa wewe, watahangaika na msomaji wa nini?"

Swali lile ndilo lililonifungua macho. Mchapishaji wa kawaida hutoa hela yake mfukoni: humlipa mhariri, mchora jalada na mchapaji mwenye mtambo, kisha mwandishi hupata mrabaha, yaani fungu lake la mauzo, mara nyingi karibu asilimia 10. Kitabu kikidoda, hasara ni yake. Ndiyo maana huchagua sana, na majibu yake huchelewa. Anayemtoza mwandishi ameshapata faida kabla nakala ya kwanza haijanunuliwa, basi akukatalie kwa lipi? Sifa zake hazikwambii lolote kuhusu kazi yako.

Nikawajibu kwa heshima kwamba sitaendelea nao, nikaamua kujichapishia. Huko nako unalipa, na wengi huchanganya hapo. Lakini nilimlipa kila fundi kwa kazi yake, na akishamaliza hana dai lolote kwenye kitabu. Mwalimu mwenzangu wa Kiswahili alihariri. Alinirudishia muswada umejaa wino mwekundu, na sura ya mifereji akaniamuru niiandike upya. Mtu aliyekuwa akinisifia tu asingefanya hivyo. ISBN, ile namba ya kukitambulisha kitabu, niliiomba Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, kwa jina langu mwenyewe.

Mchapaji naye alinifundisha jambo. Alitandaza karatasi kubwa mezani, akaikunja mara tatu, akanionyesha kurasa 16. Kitabu changu kilikuwa na kurasa 132. "Hizi nne za mwisho, zinazozidi mafungu ya 16, zinakula karatasi bure, mzee," akasema. Tukabana picha mbili, kurasa zikabaki 128, na bei ya kila nakala ikashuka. Tulichapa chache kwanza, kulingana na oda nilizokuwa nazo tayari kutoka kwa wakulima na walimu.

Kuuza ndiko kugumu, sifichi. Maduka ya vitabu huchukua sehemu kubwa ya bei, na malipo huja baada ya nakala kuuzika. Maduka ya pembejeo ya Kihesa na Makambako yamenifaa zaidi, kwa sababu anayekuja kununua mbegu za kabichi ndiye msomaji wangu hasa.

Sasa naandika hadithi ya watoto. Hiyo nitaipeleka kwenye Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ambako muswada unaoshinda huchapishwa kwa fedha za serikali na kupelekwa shuleni. Isiposhinda, mchapaji wangu yupo.